Noah SR40: sentro loki inacheza yenyewe, mlango wa kuslaidi umegoma. Mota au nyaya?

#1 Mama Wawili (Usa River)
Wakuu habari za jioni. Nina Noah ya zamani, SR40 ya mwaka 1999, injini 3S. Sentro loki inanitesa, naomba wenye uzoefu mnisaidie kabla sijatoa hela.

Matatizo ni mawili, au labda ni moja. La kwanza ni mlango wa kuslaidi. Nikibonyeza rimoti, milango ya mbele na buti vinafunga, wa kuslaidi unabaki vilevile. Kuna siku unafunga vizuri tu, kesho yake unagoma. La pili, nikiwa barabarani, hasa kwenye ile njia mbovu ya kuingia kwetu, loki zote zinapanda na kushuka zenyewe, ka-ka-ka-ka. Mvua ikinyesha ndiyo balaa.

Fundi mmoja hapa mjini Arusha kaniambia mota zote zimekufa, ninunue seti nzima. Hakufungua hata kava ya mlango mmoja. Alibonyeza rimoti, akasikiliza, akataja bei. Wanangu wanakaa nyuma, karibu kabisa na huo mlango, kwa hiyo kwangu hili si suala la urembo. Mota zinaweza kufa zote kwa mpigo?

#2 Chalii wa Sakina
Haziwezi dada. Loki inayopanda na kushuka yenyewe mota yake ni nzima, kuna kitu kinaituma. Mota iliyokufa hainyanyui chochote. Huyo fundi alitaka kukuuzia alichokuwa nacho stoo.

#3 Meku wa Kiboriloni
Anza na betri. Noah yangu ilikuwa na hayo hayo na tatizo lilikuwa betri imechoka pamoja na waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi, ulikuwa umeota kutu ya kijani. Umeme ukipungua, kontroli boksi ya loki inachanganyikiwa. Pima asubuhi kabla ya kuwasha gari: betri nzima iliyojaa inatoa kama volti 12.6. Ukiwasha, iwe kati ya 13.8 na 14.4. Chini ya hapo usiguse mlango, shughulikia chaji kwanza.

#4 Chalii wa Sakina
@Meku wa Kiboriloni nyie wa Moshi mnapenda tatizo linalotibika kwa brashi ya waya na maji ya moto. Betri ikichoka loki zinakuwa nzito, zinafunga nusu. Hazichezi ngoma barabarani.

#5 Meku wa Kiboriloni
Brashi ya waya ilimaliza tatizo langu, wewe endelea kununua seti.

#6 Fundi Umeme Unga Ltd
Mama Wawili, salaam. Kazi yangu ni umeme wa magari na hizi Noah nazifungua sana, kwa hiyo nitaandika kirefu kidogo.

Kwanza elewa mota ya loki inavyofanya kazi, hutadanganywa tena. Ina waya mbili tu za nguvu. Umeme ukiingia upande huu, inazunguka na kufunga. Chanya na hasi zikigeuzwa, inazunguka kinyume na kufungua. Umeme wenyewe unakuja kwa muda mfupi sana, halafu unakatika. Kazi ya kugeuza inafanywa na rilei, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme, zilizo kwenye kontroli boksi, na boksi linapokea amri kutoka kwenye swichi ya mlango wa dereva, au rimoti, au alamu iliyofungwa baadaye. Kwa hiyo loki zote zikicheza kwa pamoja, usitafute mota. Tafuta nani anatoa amri ya uongo.

Mlango wa kuslaidi ni habari nyingine. Ufungue, kisha tazama nguzo ya gari pale mlango unapogusa ukijifunga. Kama kuna kipande cheusi chenye pini za shaba zenye springi, na mlangoni kuna vibati vinavyokutana nazo, basi mlango huo unapata umeme pale tu unapokuwa umefungwa. Pini zikishika vumbi na kutu, au springi ikilegea, mlango unafunga leo na kesho unakataa. Safisha kwa msasa laini sana au ufutio wa penseli, futa kwa spiriti, halafu jaribu.

Niambie mambo mawili. Je, gari lina alamu ya kufunga hapa nchini? Na loki zikicheza, mlango wa dereva unacheza na wenzake, au wenyewe umetulia?

#7 Binti Njiro
Nafuatilia kwa karibu. Voxy yangu ya 2004 imeanza dalili hizo hizo upande mmoja, upande wa pili mzima. Noah zote si zina milango miwili ya kuslaidi? Mama Wawili hujasema ni wa upande gani.

#8 Kondakta Mstaafu
Hapana Binti Njiro. SR40 na SR50, zile TownAce Noah zilizotengenezwa kuanzia 1996 hadi 2001, zina mlango mmoja tu wa kuslaidi, upande wa kushoto. Milango miwili ilikuja na umbo jipya mwishoni mwa 2001, AZR60, ambayo ndiyo ndugu wa Voxy yako. Hata injini zimehamishwa: ya SR40 ipo chini ya viti vya mbele, dereva kaikalia, ya AZR60 ipo mbele chini ya boneti. Ukienda kununua spea ya mlango usiseme "ya Noah" tu ukanyamaza, utarudi na kitu kisichoingia.

#9 Mama Wawili (Usa River)
Asanteni sana. Fundi, pini zipo, nimeziona, nyeusi tii. Alamu ipo, nililikuta gari nayo, king'ora chake hakilii siku hizi lakini rimoti ni ya hiyo alamu. Mlango wa dereva nao unacheza na wenzake.

#10 Mjomba Tengeru
Hapo nimepata jibu. ALAMU. Wafungaji wengi wanachubua nyaya za gari, wanazungushia za alamu kwa mkono, wanafunga selotepu basi. Baada ya miaka gundi ya selotepu inayeyuka, shaba inabaki wazi, gari likiruka shimo nyaya zinagusana na loki zinapata amri. Tena alamu ambayo king'ora kimekufa huenda imeshaingia maji au imeungua nusu. Itafute chini ya dashibodi upande wa usukani, chomoa soketi yake, tembea bila rimoti, tumia ufunguo. Loki zikitulia umempata mwizi wako.

#11 Chalii wa Sakina
Ukichomoa alamu ovyo gari linaweza lisiwake. Nyingi zimekata waya wa stata au wa pampu ya mafuta na kuupitisha kwenye rilei ya alamu. Usimtume mama wa watu akwame Kikatiti na watoto.

#12 Mjomba Tengeru
Ndiyo maana anachomoa akiwa nyumbani, anajaribu kuwasha pale pale. Gari likigoma anarudisha soketi. Anayechomoa akiwa barabarani ni nani?

#13 Dereva wa Himo
Mimi naendesha Noah ya abiria na sikubaliani na wote. Tatizo la kwanza kwenye hizi gari ni swichi iliyo ndani ya loki ya mlango wa dereva. Mle ndani kuna swichi ndogo inayoliambia boksi "dereva kafunga" au "dereva kafungua", na mlango wa dereva ndio unaofunguliwa kuliko yote. Swichi ikilika, gari likitikisika inatuma funga, fungua, funga, fungua. Milango yote inatii.

Yangu ilinifungia nje pale Bomang'ombe, ufunguo ukiwa kwenye swichi na injini inanguruma. Nilishuka kupakia mzigo nyuma, buti nikalibamiza, nikasikia ka. Abiria walikuwa wameshuka kununua ndizi. Nilisaidiwa na kijana mmoja kwa kipande cha waya mgumu na kabari ya mti. Tangu siku ile natembea na ufunguo wa pili mfukoni, na dirisha la dereva haliwi juu kabisa nikiwa nimeshuka.

Kujaribu ni rahisi: gari limesimama, injini imezimwa, gongagonga kava ya mlango wa dereva kwa ngumi maeneo ya kitasa. Zikicheza, ni swichi.

#14 Fundi Umeme Unga Ltd
Dereva wa Himo yuko sahihi kuhusu swichi, nakutana nayo sana. Ila kipimo cha ngumi hakitoshi, maana kwenye mlango huo huo kuna sehemu nyingine inayotoa dalili hiyo hiyo: mpira wa nyaya kati ya mlango na nguzo. Mlango wa dereva ukifunguliwa nyaya zinakunjwa, ukifungwa zinakunjwa tena, miaka zaidi ya ishirini. Shaba inakatikia ndani ya plastiki, kwa nje huoni kitu. Vuta ule mpira taratibu, shika waya mmoja mmoja na uuvute kidogo. Waya mzima haunyooki. Uliokatika ndani unanyooka kama pipi ya mpira.

Ukiupata, usiuunge pale pale kwenye mkunjo. Lehemu inaufanya waya kuwa mgumu, na pembeni ya lehemu ndipo utakapokatika tena. Kata kipande chote kilichochoka, weka waya mpya laini wenye nyuzi nyingi, viungo viwe ndani ya mlango na ndani ya nguzo, si kwenye mpira.

#15 Meku wa Kiboriloni
Bado nasema betri na waya wa bodi. Mama hajapima mpaka sasa.

#16 Kondakta Mstaafu
Meku mpaka kesho kutwa atakuwa na betri yake.

#17 Mama Wawili (Usa River)
Nimepima Meku, nisiwe mnyimi wa taarifa. Asubuhi 12.5, gari likiwaka 14.1. Waya wa bodi nimeusafisha kama ulivyosema, ulikuwa na kutu kweli. Loki bado zinacheza.

Pini za mlango wa kuslaidi nimezisafisha kwa ufutio na spiriti. Mlango umefunga kwa rimoti mara zote nilizojaribu leo. Alamu jirani yangu atanisaidia kuchomoa Jumamosi.

#18 Meku wa Kiboriloni
12.5 haijajaa. Nimesema tu.

#19 Shangazi Majengo
Hongera mama kwa kushika kazi mwenyewe. Naongeza la mvua maana halijajibiwa. Mmesahau nailoni. Ndani ya kila mlango, nyuma ya kava, kuna nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi. Maji ya mvua yanapita kwenye kioo na kuingia mlangoni, hiyo ni kawaida, yanatakiwa kushuka na kutokea kwenye vitundu vya chini. Fundi wa vioo akishafungua mlango mara moja, nailoni inachanwa au haibandikwi tena. Maji yanarukia loki na soketi zake. Na vile vitundu vya chini, kwa matope yetu ya masika, vinaziba, mlango unakuwa beseni. Tikisa mlango baada ya mvua usikilize kama kuna maji yanacheza ndani. Vitundu zibua kwa kijiti, si bisibisi, utachubua rangi paanze kutu.

Kwangu Moshi hilo ndilo lililokuwa tatizo lote. Mota niliyoambiwa imekufa ilikaushwa juani, ikasafishwa, ikarudi kazini. Ila yangu si Noah, ni Ipsum.

#20 Binti Njiro
Kwa hiyo kuoshea gari kwa presha nako kunachangia? Mimi naosha kila wiki na yule kijana analenga kwenye kioo kabisa.

#21 Shangazi Majengo
Kunachangia. Mwambie asilenge mpira wa kioo kutoka karibu.

#22 Chalii wa Sakina
Nyie wa Moshi mna maji, sisi tuna vumbi. Vumbi la huku la mlima ni laini kama unga, linaingia mpaka ndani ya loki, linachanganyika na grisi ya kiwandani, linakuwa gundi. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi na baridi ile, loki inakuwa nzito na mota inashindwa kuivuta. Mchana jua likitoka inafunga. Watu wanabadilisha mota kumbe chuma chenyewe kimekwama. Jaribu kwa mkono: sukuma kile kidude cha loki ndani ya mlango. Kikiwa kigumu kwa kidole chako, mota itaweza wapi? Mimi huwa napuliza WD-40 mambo yanakwisha.

#23 Fundi Umeme Unga Ltd
Yanakwisha kwa wiki chache. WD-40 inayeyusha uchafu na kufukuza maji, lakini inaondoka na grisi iliyobaki, chuma kinabaki kikavu na vumbi linashika upya. Tumia hiyo kusafishia, acha ikauke, halafu paka grisi nyeupe kiasi kwenye vyuma vinavyosuguana. Kiasi, usijaze. Na usipulizie kwenye mota, mafuta yakifika kwenye makaa ya ndani, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, umeiua mwenyewe.

Nimalizie na mota kwa wale ambao kweli wamefikia huko. Mota ikianza kuchoka inafanya kazi asubuhi, ukiibonyeza mfululizo inakata, ikipoa inarudi. Ni makaa yameisha, au kile kidude cha ulinzi ndani kinachobana umeme kikipata joto. Nyingi ukizifungua ndani kuna mota ndogo imeandikwa FC-280, inauzwa peke yake na inabadilishwa bila kununua loki nzima. Kinachohitajika ni fundi mvumilivu, maana boksi lake la plastiki limegundishwa na linapasuka likifunguliwa kwa haraka.

Kabla ya kufika huko, pima. Chukua taa ndogo ya volti 12 uiunge kwenye waya mbili za mota, mwenzako abonyeze swichi. Taa ikimweka na mota haiendi, mota ni mbovu. Taa isipomweka, umeme haufiki, hata ukinunua mota mpya kumi. Taa ni bora kuliko mita za dijitali hapa, kwa sababu ule umeme ni wa kupita tu na mita nyingi haziwahi kuusoma.

#24 Mlezi wa Pasua
Msaada kidogo na mimi. Mlango wangu wa kuslaidi ukiwa ndani haufunguki, nje unafunguka. Loki imeinuliwa kabisa. Nimeambiwa mota.

#25 Kondakta Mstaafu
Loki ya watoto hiyo. Fungua mlango, tazama ukingoni, kuna kiswichi kidogo cha kusukuma. Kisukume upande wa pili. Hakihusiani na umeme wala mota hata kidogo.

#26 Mlezi wa Pasua
Imekubali!! Barikiwa sana. Nilikuwa nimeshatajiwa laki na ishirini.

#27 Mjomba Tengeru
Laki na ishirini kwa kusukuma kidude kwa kidole. Ndugu zangu, tuandike haya mambo.

#28 Mama Wawili (Usa River)
Mrejesho. Alamu imechomolewa Jumamosi, gari limewaka bila shida. Nyaya zake zilikuwa kama Mjomba alivyosema, selotepu imeyeyuka, kuna mahali shaba tatu ziko wazi. Nimetembea mpaka Moshi na kurudi, loki kimya kabisa. Nilitaka kuja kuufunga uzi.

Halafu mvua ikanyesha Jumanne usiku. Jumatano asubuhi zimecheza tena, siyo sana, mara moja tu pale kwenye tuta la kwanza, halafu zikatulia siku nzima. Nimefungua mlango wa dereva nikautikisa, maji sikusikia. Nailoni haipo kabisa. Mlango wa kuslaidi unafunga vizuri bado.

#29 Mjomba Tengeru
Alamu ilikuwa sehemu kubwa ya tatizo, hilo limethibitika. Hayo mengine ni masalia. Hakikisha zile shaba tatu zimefungwa moja moja, kuchomoa soketi hakuziondoi.

#30 Dereva wa Himo
Masalia gani Mjomba? Barabara ya lami Usa–Moshi haina mashimo ya kuitikisa swichi, ndiyo maana zilikaa kimya. Tuta la kwanza tu zikacheza. Swichi ya mlango wa dereva hiyo, nilisema tangu mwanzo.

#31 Shangazi Majengo
Na kwa nini iwe asubuhi baada ya mvua, halafu itulie jua likiwaka? Maji yamekauka. Hana nailoni. Aweke nailoni kwanza, nene ile ya kufunikia vitabu, aibandike vizuri pembeni zote, asubiri mvua nyingine.

#32 Fundi Umeme Unga Ltd
Wote mnaweza kuwa sahihi hapo. Swichi iliyolika, ikipata unyevu, inatuma amri kwa urahisi zaidi. Waya uliochubuka kwenye mpira, ukilowa, nao vilevile. Mama, mpira wa mlango wa dereva umeuvuta? Hukutaja.

Na jambo moja la usalama kwa wote. Tazama kifuniko cha fyuzi, fyuzi ya milango irudi ile ile iliyoandikwa. Nimeletewa Noah hapa fyuzi imezungushiwa karatasi ya pakiti ya sigara. Shoti ikitokea kwenye mpira wa mlango na fyuzi haikatiki, kinachoungua ni waya, na waya huo unapita chini ya zulia mpaka kwenye dashibodi.

#33 Mama Wawili (Usa River)
Mpira bado Fundi, nitauvuta Jumapili kukiwa kukavu. Fyuzi nimeangalia, ni yenyewe. Nailoni nanunua kesho. Watoto nimewahamishia upande wa kulia kwa sasa, na loki ya watoto ya huo mlango nimeiweka.

#34 Meku wa Kiboriloni
Na betri uichaji ijae.

#35 Binti Njiro
Fundi, ya kwangu AZR60 haina zile pini za shaba nguzoni, nimetafuta. Kuna kama mnyororo wa plastiki chini ya mlango umebeba nyaya. Upande uliogoma ukiwa wazi nusu loki inafanya kazi, ukifunga mlango wote inakufa. Naanzia wapi?

#36 Fundi Umeme Unga Ltd
Anzia kwenye huo mnyororo, pale unapojikunja mlango ukiwa umefungwa. Nyaya zinakatikia hapo. Piga picha ya soketi za pande zote mbili kabla hujachomoa chochote, kisha ziweke hapa tuzione.